Utengamao Chini ya Mlima Meru
Maji mengi yatokayo Mlima Meru yana floridi, madini ambayo yakizidi mwilini huweza kupinda mifupa ya watoto, na hivyo mkazi wa Kijenge, mtaa wa Arusha ulio chini ya mlima huo, ana sababu ya karibu ya kuielewa teknolojia ya utengamao, yaani vifaa na tiba za kumrudishia mtu uwezo wa kutenda. Huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kilichoanzishwa 1981 hufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutegemeza viungo, ambao huchukua umbo la mguu kwa plasta, hulirekebisha kwa mkono, kisha hulainisha plastiki kwa joto na kuifinyanga juu yake. Ustadi huo wa mkono, unaoamua kama ngozi itachubuka au mtu atatembea, unastahili heshima kuliko mashine yoyote. Mzazi anayeona miguu ya mwanawe inapinda amfikishe hospitali mapema.