Kuandikiana na Wanafunzi wa Nchi Nyingine



Vijana wengi wa shule wanatamani kupata marafiki wa kuandikiana katika nchi nyingine. Wazazi wengi nao wana wasiwasi. Pande zote mbili zina sababu nzuri, ndiyo maana tunaeleza hapa jinsi kazi hii inavyofanyika.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1988 shule 12 za Moscow ziliunganishwa kwa kompyuta na shule 12 za jimbo la New York, wakati serikali zao zilikuwa bado zinaelekezeana silaha za nyuklia. Kutokana na mradi huo ulizaliwa mtandao wa shule uitwao iEARN, ambao umefika katika nchi zaidi ya 100. Kwa upande wa wakimbizi, tangu mwaka 2013 UNHCR na Vodafone Foundation wamekuwa wakiweka vyumba vya kompyuta zenye intaneti katika baadhi ya shule za kambini, kuanzia Dadaab, kisha Kakuma, Nyarugusu na kwingineko.

Msifikiri kwamba ni lazima mwandikiane na watu wa Ulaya, wala kwamba asiyejua Kiingereza hawezi. Mtoto wa Kikongo aliyeko Nyarugusu anasoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Binamu yake aliyefikia Kakuma anasoma mtaala wa Kenya kwa Kiingereza. Wote wawili wanaweza kuandikiana kwa Kiswahili. Hesabu ni ileile: mmoja akikwama, mwenzake anamweleza kwa njia aliyofundishwa yeye. Tena wanaelezana jinsi mitihani ya kila upande ilivyo, na hayo yatamsaidia mwanafunzi siku familia yake ikihama au ikirudi nyumbani.

Kazi inaanzia kwa mwalimu. Yeye ndiye anayewasiliana na mwalimu wa shule ya pili. Tunashauri wanafunzi wanne au watano waandike barua moja pamoja, kwanza kwenye daftari. Mwalimu aisome, ndipo ipelekwe kwa kompyuta ya shule. Mtandao ukikatika, barua inangoja, tofauti na mazungumzo ya ana kwa ana kwenye kioo. Mkipanga kuzungumza moja kwa moja, kumbukeni kwamba saa 4 asubuhi Kakuma ni saa 3 asubuhi Goma. Tena wako Wakongo wengi wanaohesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa, kwa hiyo andikeni 09:00 ili msipishane. Kazi ifanyike wakati wa masomo. Ikiwekwa jioni, wasichana watakuwa kwenye foleni ya maji, na wavulana ndio watakaoandika peke yao.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Kilichoandikwa kwenye kompyuta kinaweza kunakiliwa na kusomwa na mtu msiyemjua, hata baada ya miaka mingi. Wengi wenu mna ndugu waliobaki nyumbani. Mtoto akiandika jina la baba, kazi aliyokuwa akiifanya, kijiji na siku mliyokimbia, ametoa habari za kutosha za kumtafuta mjomba aliyebaki. Aandike "nimetoka karibu na Ziwa Tanganyika", inatosha. Asiandike jina kamili, kabila, namba ya nyumba wala namba ya faili. Picha isipelekwe bila ruhusa ya mzazi. Pia hakuna mtoto anayelazimika kusimulia vita. Akiulizwa na hataki, aandike kwamba angependa kuzungumza habari nyingine. Mpira, mapishi ya sombe, mchezo wa kamba, yote hayo ni barua nzuri.

Mgeni akimwomba mwanafunzi waandikiane kwa siri, au akimtaka picha au fedha, mwanafunzi asimjibu. Amwambie mwalimu au mzazi siku hiyohiyo.

Ndugu wazazi, tuseme wazi: rafiki wa kuandikiana hawezi kuipeleka familia yenu nchi ya tatu. Maombi hayo hayapiti shuleni. Huduma za UNHCR ni za bure, na anayedai malipo ili aandikishe mtoto au "asukume faili" ni mwongo. Vilevile tunawaomba msiwatume watoto kuomba viatu au fedha kwa barua. Shule nyingi za upande wa pili hazina uwezo huo, na watoto wa huko wataona haya na kunyamaza.

Jibu likichelewa, msihukumu haraka. Mwaka wa shule Kongo huanza Septemba, Kenya huanza Januari, na shule nyingi za Ulaya hufungwa Julai na Agosti. Mwalimu aulize kalenda ya shule ya pili kabla ya barua ya kwanza na kuibandika ukutani darasani.