Chemirocha: Safari ya Wimbo wa Kapkatet na Hatima ya Sanaa ya Jamii katika Nchi ya Chai

Utangulizi

Msafiri anayetoka mjini Kericho kuelekea Litein na Sotik hupita katikati ya mashamba ya chai yaliyotandazwa vilimani kama zulia la kijani kibichi. Kabla ya kuingia katika ardhi ya Bomet, hufika Kapkatet, kituo cha biashara ambacho wengi hukipita bila kukitazama mara mbili. Hata hivyo, sauti zilizonaswa mahali hapo mwaka 1950 zimesikika katika vyuo vikuu na nyumba za wapenzi wa muziki katika mabara kadhaa. Ni sauti za wasichana wa Kikipsigis, nao wanaimba kuhusu mgeni aitwaye Chemirocha.

Makala haya yanaeleza chimbuko la wimbo huo, jinsi ulivyoondoka Kapkatet na jinsi ulivyorudi. Hoja inayotetewa ni kwamba Chemirocha si kichekesho cha watu walioshangazwa na gramafoni, kama ambavyo umezoea kusimuliwa. Ni ushahidi wa ustadi wa fanani wa Kikipsigis katika kukipokea kitu cha kigeni na kukifanya chake. Aidha, historia ya wimbo huu inatufunza kwamba kuhifadhi sauti ni jambo moja, na kuuhifadhi wimbo ni jambo jingine.

Nchi ya chai na ujio wa sauti mpya

Wakipsigis ni sehemu ya jamii kubwa ya Wakalenjin. Katika miaka ya 1920, kampuni za Uingereza, zikiwemo Brooke Bond na zile za James Finlay, zilianza kupanda chai kwa wingi katika nyanda za juu za Kericho. Mashamba yalihitaji ardhi na yalihitaji mikono. Ardhi ilitwaliwa kutoka kwa wenyeji. Mikono ilitoka miongoni mwa wenyeji hao na katika jamii za Waluo, Waluhya na Wagusii waliokuja kutafuta kazi. Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1934, serikali ya kikoloni iliuhamisha ukoo wa Talai, uliokuwa na mamlaka makubwa ya kiroho miongoni mwa Wakipsigis, na kuupeleka Gwassi karibu na Ziwa Viktoria.

Mazingira haya ni muhimu kwa yeyote anayetaka kuuelewa wimbo wetu. Jamii iliyousanii haikuwa imejitenga na dunia. Ilikuwa imekwisha kukutana na walowezi, wamisionari, mishahara, kodi na dini mpya. Pamoja na hayo yote ilikuja gramafoni, na ndani ya santuri zake mlikuwa na sauti za watu ambao msikilizaji hangewaona kamwe.

Miongoni mwa sauti hizo ilikuwamo ya Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyezaliwa Mississippi mwaka 1897 na kufanya kazi katika reli kabla ya kuanza kurekodi nyimbo mwaka 1927. Sifa yake kuu ilikuwa mtindo wa kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa, kisha kuirudisha chini, huku akijipigia gitaa. Rodgers alifariki mwaka 1933 kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Kwa hiyo, wakati jina lake linaimbwa Kapkatet mwaka 1950, mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa miaka kumi na saba. Hakukanyaga ardhi ya Kericho.

Kunaswa kwa wimbo

Mwaka huo wa 1950, Hugh Tracey, mtafiti Mwingereza aliyefanya makao yake kusini mwa Afrika, alifika Kapkatet na mitambo yake ya kunasia sauti. Tracey alizunguka sehemu nyingi za Afrika akirekodi muziki wa jamii mbalimbali, na mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, maktaba hiyo imekuwa chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini.

Kapkatet ilimpa Tracey wimbo huo kwa sura zaidi ya moja, na kwa sababu hiyo rekodi zake zimepewa nambari. Iliyopata umaarufu mkubwa ni ya tatu, ambayo fanani wake ametajwa kuwa Chemutoi Ketienya akiimba pamoja na kundi la wasichana wa Kikipsigis. Wanasindikizwa na chepkong, ala ya nyuzi yenye kifua mfano wa bakuli kilichowambwa ngozi, na mikono miwili iliyounganishwa juu kwa kijiti ambako nyuzi hufungwa. Msomaji anayeijua nyatiti ya Waluo, obokano ya Wagusii au litungu ya Wabukusu ataitambua mara moja kuwa ndugu wa ala hizo.

Kuwepo kwa sura zaidi ya moja ni jambo la kuzingatiwa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anafahamu kwamba utanzu hubadilika kulingana na fanani, hadhira na wakati. Wimbo unaoimbwa kwa namna tofauti katika kituo kimoja si mzaha wa siku moja uliobuniwa kumfurahisha mgeni mwenye mitambo. Ni wimbo uliokuwa umekwisha kuzoeleka na kupata wenyewe.

Jina lilivyotoholewa

Neno lenyewe, Chemirocha, ni somo la isimu. Ni jina Jimmie Rodgers lililotamkwa kwa kufuata kanuni za lugha ya mpokeaji. Katika Kikalenjin, tofauti baina ya vipasuo ghuna na visivyo ghuna haibadilishi maana ya maneno kama inavyofanya katika Kiswahili, ambapo pao na bao ni maneno mawili mbalimbali. Basi sauti ya mwanzo ya jina Jimmie ilipata makao katika sauti ch, na sauti ya katikati ya jina Rodgers ikafuata njia iyo hiyo. Sauti ya mwisho ikadondoshwa, na majina mawili yakawa neno moja.

Utohozi wa aina hii si mgeni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Maneno kama shati na baiskeli yalipita katika mlango kama huo, na leo hakuna anayeyaona kuwa wageni. Lakini jina Chemirocha lilipata bahati ya ziada. Majina mengi ya Kikalenjin huanza kwa Kip- au Chep-. Mvulana aliyezaliwa alfajiri huitwa Kipkoech, naye msichana huitwa Chepkoech. Wako pia akina Chebet na Chelangat, na hata wanaume wanaoitwa Cheruiyot. Kwa sikio la Mkipsigis, basi, neno linaloanza kwa Che- lina mlio wa jina la mtu wa nyumbani. Mmarekani wa reli alipita katika kinywa cha wasichana wa Kapkatet akatoka na jina ambalo lingeweza kuitwa katika boma lolote la jirani.

Maelezo ya mkusanyaji na sauti ya fanani

Kinachojulikana zaidi kuhusu wimbo huu duniani hakitokani na wimbo wenyewe bali na maelezo mafupi ya Tracey. Aliandika kwamba mwimbaji huyo wa ajabu alikuwa amegeuzwa kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa, akamfananisha na Pan, mungu wa Wayunani wa kale. Alieleza pia kwamba wasichana wanamhimiza Chemirocha aucheze mchezo wa kuruka unaojulikana na Wakipsigis wote, aruke kwa nguvu hata nguo zimvuke.

Maelezo haya yamerudiwa na waandishi wengi, mara nyingi kwa tabasamu la kuwahurumia wanakijiji. Lakini yanahitaji kupimwa. Pan hakutoka Kapkatet. Alitoka katika elimu ya mwandishi. Tukimwondoa, tunabaki na wasichana wanaomwita mwanamume mgeni kuja kucheza mchezo wao, kwa kanuni zao, hadi aaibike mbele yao. Huo ni utani, na utani ni silaha ya zamani katika nyimbo za wasichana wa jamii nyingi za Afrika Mashariki. Anayechekwa katika wimbo si msichana aliyeshangazwa na gramafoni. Anayechekwa ni mgeni.

Tafsiri hiyo inapata nguvu zaidi tukikumbuka wakati wenyewe. Mwaka 1950 mgeni ndiye aliyemiliki shamba, aliyepanga mshahara na aliyeandika sheria. Si lazima kudai kwamba wasichana hao walikusudia siasa. Inatosha kusema kwamba ndani ya mipaka ya wimbo wao, mgeni alitii amri yao. Aliyewakusanya aliandika kuhusu miujiza, ilhali wao waliimba kuhusu ngoma.

Kutoka chepkong hadi gitaa

Upokezi wa vya kigeni haukukoma kwa Chemirocha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia gitaa lilienea nchini Kenya, na benga, iliyochipuka miongoni mwa Waluo, ikasambaa hadi kwa jamii nyingine. Katika nchi ya Wakipsigis, jina linalokumbukwa zaidi ni la Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et. Kipchamba, aliyefariki mwaka 2007, aliimba kwa lugha yake huku gitaa likichukua nafasi ambayo zamani ilikuwa ya ala ya nyuzi ya kienyeji. Walichofanya wasichana wa Kapkatet kwa jina la mtu, Kipchamba na wenzake walikifanya kwa ala nzima.

Sanaa hii iliendelezwa na taasisi za aina mbalimbali. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limezipa shule nafasi ya kuwasilisha nyimbo za kienyeji jukwaani. Makanisa yamelea kwaya, na idhaa za Kikalenjin zilizoibuka katika miaka ya 2000, kama vile Kass FM, zimewapa wanamuziki wa Kericho na Bomet hadhira inayovuka mipaka ya kaunti. Hata hivyo, kila njia ina gharama yake. Jukwaa la tamasha huufupisha wimbo ili uenee katika dakika zilizotengwa, tena mbele ya waamuzi badala ya wachezaji. Redio nayo hupendelea kilichorekodiwa studioni. Mpigaji wa chepkong asiye na kanda wala mwalimu wa shule wa kumwalika hubaki nyumbani na ujuzi wake.

Kurejea kwa wimbo

Kwa zaidi ya miongo sita, rekodi za Kapkatet zilipatikana kwa urahisi zaidi ughaibuni kuliko Kapkatet. Hali hiyo ilianza kubadilika katika mwongo wa 2010, maktaba iliyoanzishwa na Tracey iliposhirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, shirika linaloongozwa na Tabu Osusa, kuzirudisha sauti hizo katika jamii zilikotoka. Kufikia mwaka 2015 nakala zilikuwa zimefikishwa Kapkatet, na mmoja wa wanaume waliorekodiwa mwaka 1950 alikuwa angali hai kuzipokea.

Tukio hilo linazua swali la haki. Wimbo wa jamii ni mali ya nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinapata fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, nayo inazipa serikali za kaunti jukumu katika kuyasajili maarifa hayo. Kwa hiyo, Kericho na Bomet zina mlango wa kisheria ambao wasichana wa mwaka 1950 hawakuwa nao. Lakini sajili haiwezi kuandikwa bila mtu wa kuorodhesha jina la fanani, mahali, tukio na maana ya wimbo kama anavyoieleza fanani mwenyewe.

Hitimisho

Imebainika kwamba Chemirocha ni zao la jamii iliyokuwa ikisikiliza dunia na kuijibu kwa lugha yake. Santuri za Tracey zilizihifadhi sauti, na kwa hilo anastahili shukrani, kwani pasipo kazi yake pengine kusingekuwa na cha kurudisha. Hata hivyo, santuri hazikuweza kuhifadhi kicheko kilichofuata beti, wala sababu ya kicheko hicho. Hayo yalikaa kwa watu, na watu hawadumu.

Hapa ndipo ilipo kazi ya wanafunzi wa Kiswahili. Mpaka sasa sehemu kubwa ya maelezo kuhusu muziki wa Wakipsigis hupitia Kiingereza, na wazee wenye nyimbo hizo ni nadra kuyasoma. Mwanafunzi anayerudi likizoni Litein, Sotik au Longisa akiwa na daftari na simu yenye kinasa sauti ana vifaa vyepesi kuliko vya Tracey, na ana fursa ambayo Tracey hakuwa nayo: anaweza kumwuliza bibi yake wimbo una maana gani, na akaelewa jibu. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Chemirocha aliitwa aje acheze, akaja kwa jina jipya. Sasa ni zamu ya wenyeji kusimulia walivyomkaribisha.