Kaskazi na Mwaka Mpya

Mwaka umegeuka tena, nasi wa Tanga, Pangani na Muheza tumeupokea katikati ya joto, kama ilivyo desturi ya nchi yetu. Mvua za vuli zimekwisha, upepo wa kaskazi wavuma kutoka upande wa kaskazini-mashariki, na embe zimejaa sokoni. Jioni watu huketi barazani, kila mmoja akitafuta mahali penye upepo, na katika mazungumzo yao hukosi kusikia neno hili: "Mwaka huu nitafanya kadha wa kadha."

Si watu wote wa dunia wauanzao mwaka kwa hali hii. Huko Uingereza 1 Januari ni siku ya baridi na usiku mrefu, na watu hukaa ndani karibu na moto. Bali Australia, iliyo kusini ya ikweta kama sisi, Desemba, Januari na Februari ni miezi ya joto. Mjini Sydney mchana wa mwisho wa Desemba hupita saa 14, hali kwetu Tanga hufika kiasi cha saa 12 na nusu. Shule zao hufungwa kwa likizo ndefu, watu humiminika pwani kuoga, na wao pia huazimia mambo mengi kwa mwaka mpya. Lakini joto lao lina ukali wake. Moto wa misitu wa 2019 hadi 2020 uliteketeza nyumba nyingi, na watu na wanyama wengi walikufa. Kwa hiyo wenye busara wakaao karibu na misitu hufagia majani makavu mapema, kabla ya siku za hatari. Wamefunzwa na nchi yao kwamba kila majira humtaka mtu ajiweke tayari kwa majira yajayo.

Na sisi je? Kaskazi ni majira ya raha, nayo ni mafupi. Katika Machi masika huanza kukaribia. Watu wazima wajua hayo, walakini mara nyingi fedha za nyumba huishia katika sikukuu za Desemba: nguo mpya, nauli za kwenda kwa jamaa, wali na nyama kwa wageni. Kufurahi na jamaa si vibaya. Vibaya ni kusahau kwamba baada ya sikukuu shule hufunguliwa.

Hapo ndipo penye uchungu. Tangu 2016 Serikali ya Tanzania iliondoa ada katika shule zake, tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Hata hivyo mtoto aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza yampasa kuwa na sare, viatu, madaftari na mkoba, na akikaa mbali na shule yahitajiwa nauli pia. Mwalimu aitapo majina siku ya kwanza, yako majina yasiyoitikiwa. Mtoto yuko nyumbani, amefaulu mtihani wake, naye aona haya kwenda na nguo iliyochakaa. Baba asema, "Ngoja mwezi ujao." Mwezi ujao wenzake wamekwisha kusonga mbele katika masomo. Wengine huchelewa, na wako ambao hawaendi kabisa. Tena huenda ikawa baba huyo ndiye aliyesema barazani, "Mwaka huu nitawasomesha watoto wangu."

Kwa nini maazimio yetu hufa upesi namna hii? Nionavyo mimi, si kwa sababu watu ni waongo au wavivu. Ni kwa sababu mwaka ni kitu kikubwa mno kushikwa kwa mkono mmoja. Mtu asemaye, "Mwaka huu nitaweka akiba," hana siku ya kuanza wala siku ya kuulizwa. Leo ikipita, iko kesho. Januari ikipita, uko Februari. Hata masika yanyeshapo, azimio bado li mdomoni.

Wazee wa pwani walikuwa na dawa ya jambo hili, ingawa hawakuiita dawa. Mwaka wao wa zamani, ambao asili yake yatajwa kuwa Nairuzi ya Waajemi, una siku 365 kamili. Siku ya mwaka huo hata leo hushangiliwa Makunduchi, katika kisiwa cha Unguja, mwezi wa Julai, nayo huitwa Mwaka Kogwa. Kwa kuwa mwaka huo hauongezwi siku moja kila mwaka wa nne kama kalenda yetu, siku yake ya kwanza hurudi nyuma polepole. Lakini ninalotaka mlitazame ni hili: wazee waliugawa mwaka kwa makumi. Kila siku kumi ziliitwa mwongo. Miongo 36 ni siku 360, na siku tano zikabaki. Kwa hesabu hiyo mabaharia walijua wakati wa kutweka tanga na wakati wa kuvuta vyombo pwani, na wakulima walijua wakati wa kupanda. Hawakuuliza, "Mwaka huu tutafanya nini?" bali, "Katika mwongo huu kazi yetu ni ipi?"

Basi na tuichukue hesabu hiyo nyumbani mwetu. Tangu 1 Januari hata 11 Machi ni siku 70, yaani miongo saba, nayo ndiyo kaskazi yetu tuliyopewa kabla ya masika. Mwongo wa kwanza uwe wa watoto wa shule: sare na madaftari kabla ya kitu kingine. Wa pili uwe wa deni la dukani, lilipwe au angalau lipunguzwe. Wa tatu ni wa paa. Makuti yaliyooza yaondolewe jua lingali kali, maana mvua ikianza hakuna wa kuezeka. Wa nne ni wa mapipa na visima, visafishwe. Wa tano na wa sita ni wa shamba, kufyeka na kulima. Wa saba ni wa mbegu, na wa vyandarua, kwa kuwa masika huleta mbu, na mbu huleta malaria.

Kadhalika akiba. Mama auzaye vitumbua akiweka shilingi 1,000 kila siku, kwa mwongo mmoja amepata shilingi 10,000. Katika miongo 36 amepata shilingi 360,000, na zile siku tano zilizobaki asiweke kitu, bali afurahi na watoto wake. Na ikiwa shilingi 1,000 ni nyingi, aweke 200. Mwisho wa miongo yote atakuwa na shilingi 72,000, nazo zaweza kumnunulia mtoto sare. Haba na haba hujaza kibaba.

Neno moja zaidi kwa akina baba. Azimio la nyumba lisikatwe na mtu mmoja. Mama ndiye ajuaye unga umebaki kiasi gani, na mtoto ndiye ajuaye kiatu kimembana wapi. Ketini pamoja jioni moja, andikeni kazi za kila mwongo katika karatasi, mkaibandike karibu na mlango. Siku ya kumi ikifika, ulizaneni bila ukali: limefanyika, au halijafanyika? Lisilofanyika lihamishiwe mwongo unaofuata, wala lisifutwe.

Nanyi walimu, hesabu hii yafaa darasani. Wapeni watoto kazi ya kuugawa mwaka kwa makumi, kisha waulize wazee wao juu ya miongo na pepo. Watajifunza kugawanya, tena watajua kwamba babu zao walikuwa na kalenda iliyowaongoza shambani na baharini.

Ikiwa mwongo wa kwanza umekwisha kupita msomapo haya, msihuzunike. Wa pili waanza kesho asubuhi, na mtoto asiye na sare bado angojea.