Sadfa na Dhana za Watu

Hakuna mtu, awe mwanachuoni au mkulima, asiyepata kulitaja jina la sahibu yake barazani na papo hapo akamwona akichomoza kichochoroni, wala hakuna baraza ambalo ajaye namna hiyo haambiwi kwamba umri wake ni mrefu. Na neno hilo, ingawa aghalabu husemwa kwa bashasha, limebeba swali lililowashughulisha wanadamu tangu kale: je, mambo mawili yasiyohusiana yakisadifiana, kuna maana iliyokusudiwa?

Wako waliosema kwamba maana ipo. Carl Jung, tabibu wa nafsi wa Uswisi, alitoa risala mwaka 1952 akidai kwamba matukio huweza kuungana kwa maana pasipo moja kuwa sababu ya jingine. Wanahisabu hawaoni haja ya siri hiyo, kwani katika kundi la watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja hupita nusu, kwa kuwa watu hao hufanya jozi 253, na kila jozi ina nafasi yake ya kuafikiana. Nasi, pamoja na hayo, humkumbuka yule mmoja aliyetokea tulipomtaja, tukawasahau mia tuliowataja wasije.

Lakini hukumu iliyo bora, kwa rai yangu, ilitolewa Madina mwaka 632, siku alipofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume Muhammad, jua nalo likapatwa, na watu wakasema kuwa limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume, ilhali yeye ndiye mfiwa, na dhana ile ingalimzidishia haiba machoni pa watu, aliikanusha waziwazi, akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Kisha akawaamrisha kusali na kutoa sadaka.

Humo mna mafunzo mawili: kwamba haki haipotoshwi hata kwa ajili ya kumtukuza mpendwa, na kwamba saa iliyoigutusha mioyo isiachwe ipite bure bila ya jambo la kheri. La kwanza tunalihitaji mno, kwa maana ni mara ngapi bundi amelia usiku, mgonjwa akafariki alfajiri, na kikongwe jirani, asiye na hatia wala mtetezi, akatuhumiwa uchawi? Huo ni udhalimu uliojengwa juu ya sadfa, na kila mwenye insafu anapaswa kuukemea.

Basi, ewe msomaji, ukimwota nduguyo wa mbali, usiende kupigiwa ramli wala usimdhanie mtu ubaya. Mpelekee salamu, umjulie hali, na akiwa na shida umsaidie, kwani hiyo ni haki yake juu yako, iwe ndoto ile ina tafsiri au haina.