Umoja na Wingi: Kiingereza Kinavyowatatiza Wajuzi wa Upatanisho

Mtoto wa Karambi, huko Bukonzo wilayani Kasese, Uganda, huingia darasa la kwanza akiwa tayari fundi wa upatanisho wa kisarufi, wala hakufundishwa na mwalimu. Kwa Kikonzo, lugha yake ya nyumbani, husema omundu akiwa mtu mmoja na abandu wakiwa wengi. Omuti na emiti, ekitabu na ebitabu, engoko na esyongoko (kuku). Nomino ikibadilika, kivumishi na kitenzi hufuata. Akishuka soko la Mpondwe, karibu na Bwera, hukisikia Kiswahili cha Wakongo wanaosema batoto na batu pale Mswahili wa pwani anaposema watoto na watu. Hapotei, maana ba- hiyo anayo nyumbani.

Mtoto huyohuyo akifika darasa la nne, ambapo mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 humhamisha kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiingereza, daftari lake huanza kujaa sentensi kama "My father work in Kasese" na "The boys goes to school". Ni rahisi kumhukumu kwamba haelewi umoja na wingi. Ukweli ni kwamba anauelewa vizuri sana. Kinachomtatiza ni kuwa Kiingereza hupatanisha kidogo mno, na hicho kidogo kimewekwa mahali asipopategemea.

Tulinganishe. Kwa Kiswahili tunasema "Kitabu kizuri kimepotea" na "Vitabu vizuri vimepotea". Alama ya wingi imejitokeza mara tatu, tena mwanzoni mwa kila neno, na alama ni ileile. Kikonzo kinakwenda kwa mwendo huohuo. Kwa Kiingereza "The good book is lost" hugeuka kuwa "The good books are lost". Neno "good" halikutikisika. Nomino imeongezwa herufi moja mwishoni, na kitenzi kimebadilika kwa namna isiyofanana kabisa na badiliko la nomino.

Kwa vitenzi vya kawaida hali ni ngumu zaidi. "The girl sings" ni umoja, "The girls sing" ni wingi. Herufi s ikikaa kwenye nomino huonyesha wingi. Ikikaa kwenye kitenzi huonyesha umoja. Mtoto aliyezoea kuirudia alama ya nomino kwenye kitenzi ataandika "The boys goes", kama vile vi- ya vitabu inavyorudi katika vimepotea. Kosa lipo, lakini lina mantiki, na ni mantiki ya lugha za Kibantu.

Herufi hiyo ni mabaki ya mfumo uliokuwa mkubwa zaidi. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi tamati vingi vya nafsi, vikapungua karne hadi karne. Wasomaji wa Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 wanakumbuka maneno kama "giveth" na "goeth". Tamati hiyo ndiyo iliyotumika kusini mwa Uingereza kabla ya s ya kaskazini kuenea na kuiondoa. Leo s imebaki katika nafsi ya tatu umoja, wakati uliopo, basi. Katika wakati uliopita "walked" hutumika kwa mtu mmoja na kwa elfu. Vitenzi saidizi kama "can" na "must" havibadiliki kabisa. Ni kitenzi cha kuwa pekee, chenye "am", "is", "are", "was" na "were", kilichohifadhi zaidi ya hapo. Hapo ndipo Kiswahili kinapomwangusha mwanafunzi, kwa sababu "ni" yetu haibadiliki: mtoto ni mgonjwa, watoto ni wagonjwa.

Hata wenye lugha yao huichelewa s ya kitenzi. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Roger Brown alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto watatu wa Marekani waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya kwanza. Kati ya viambishi na maneno 14 ya kisarufi aliyoyachunguza, s ya wingi wa nomino ilishika nafasi ya nne. S ya nafsi ya tatu ilikuja nafasi ya kumi. Sauti ni ileile na herufi ni ileile, lakini moja inakuja mapema na nyingine inachelewa. Mwalimu anayetaka darasa la nne lisikosee s ya kitenzi anadai tunda kabla ya msimu wake.

Ugumu wa pili ni kumtambua mwenye kitenzi. Katika "The bag of beans has burst" kilichopasuka ni mfuko. Lakini neno lililokaa jirani na kitenzi ni "beans", nalo ni wingi, kwa hiyo wengi huandika "have burst". Wataalamu Kathryn Bock na Carol Miller walionyesha katika utafiti wao wa mwaka 1991 kwamba hata wazungumzaji wazawa wa Kiingereza hutekwa na jirani huyo. Hapa lugha zetu ni msaada mkubwa. Hakuna Mswahili atakayesema "Mfuko wa maharage yamepasuka". Atasema "umepasuka", kwa sababu u- inaelekeza moja kwa moja kwenye mfuko. Mwanafunzi akishikwa na shaka, aitafsiri sentensi yake kwa Kiswahili au Kikonzo, atazame kiambishi kilicho mwanzoni mwa kitenzi, kisha arudi kwenye Kiingereza akimjua mwenye kitenzi. Njia hiyo inafaa pia kwa "One of the boys is absent", mmoja wa wavulana hayupo, na kwa "Everyone has a pen", kila mtu ana kalamu. Hizo zote ni umoja katika lugha zote mbili.

Lakini msaada huo una mipaka, na mwanafunzi aijue. Mpaka wa kwanza ni sentensi za mahali. Sisi husema "Sokoni kuna mbuzi mmoja" na "Sokoni kuna mbuzi wengi"; kuna haibadiliki kwa kuwa inapatana na mahali, si na mbuzi. Mwanaisimu Mark Baker ameandika juu ya Kinande, lugha pacha ya Kikonzo upande wa Kongo, akionyesha kwamba kitenzi chake hupatana na kile kilichotangulizwa mbele, hata kama ni mahali. Kiingereza kinafanya kinyume: katika "There are many goats" kitenzi kinapatana na mbuzi waliokuja nyuma yake. Anayeandika "There is many goats" amefuata kanuni ya nyumbani.

Mpaka wa pili ni nomino zenyewe. Maji kwetu yamejaa, habari zimefika, fedha zimeliwa. Kwa Kiingereza "water", "news" na "money" ni umoja, ingawa "news" ina s. Kinyume chake, "people" na "police" havina s lakini ni wingi: "The police are here." Na "information", "advice", "furniture" na "equipment" havina wingi kabisa, hata kama sisi tuna taarifa, mashauri, fanicha na vifaa. Maneno haya hayana njia ya mkato, yakaririwe.

Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo shule za Karambi na Bwera zinaweza kuwa na lugha tatu katika chumba kimoja. Walimu wasiziweke kwenye vyumba vitatu vya fikra. Waandike sentensi moja ubaoni kwa Kikonzo, Kiswahili na Kiingereza, wawaulize wanafunzi kila kitenzi kinapatana na neno lipi, na wasahihishe s ya nomino kwanza, s ya kitenzi baadaye. Mtoto anayeweza kuoanisha esyongoko na kitenzi chake hashindwi na herufi moja, mradi aelezwe inakaa wapi na kwa nini.