Sarakasi juu ya maji: anza na jaketi, maliza na mbao

Ndugu msikilizaji, uko mchezo ambao wengi wetu tumeuona katika televisheni: mtu anavutwa na boti ya injini huku amesimama juu ya mbao zinazoteleza majini. Tawi lake moja ni la sarakasi. Mchezaji hugeuka ubavu, huenda kinyumenyume, huzunguka mzima, na katika mashindano hupewa sekunde 20 tu kwa kila zamu. Leo tumfikirie anayetaka kuanza, lakini mfuko wake ni mwembamba.

Mchezo huu haukuzaliwa katika utajiri. Mwaka 1922, katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, kijana wa Kimarekani Ralph Samuelson alijaribu mbao za pipa, zikamshinda. Akajaribu skii za theluji, nazo zikamshinda. Mwishowe akanunua mbao mbili pana, akazikunja ncha kwa maji ya moto, na akasimama. Kilichomfaa ni umbo la chombo, si bei yake.

Mbao za sarakasi nazo zina umbo lake. Ni fupi, mita moja na kidogo, ni pana, na chini hazina pezi. Pezi ndilo linaloifanya skii ya kawaida ishike njia moja. Likikosekana, ubao hukubali kugeuka upande wowote, lakini pia humponyoka asiyezoea. Kwa hiyo, ikiwa bado unayumba juu ya skii za kawaida, usinunue. Azima au kodi kwanza.

Je, fedha kidogo uliyonayo iende wapi?

Kwanza kabisa, jaketi la kuelea. Hilo nunua jipya, lenye maandishi ya kiwandani yanayosema linafaa mchezo huu. Livae, lifunge, kisha mwenzako alivute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Wala usimnunulie mtoto jaketi la kukulia, kwani atakayeanguka leo ni mtoto wa leo.

Pili, viatu vilivyofungwa juu ya ubao. Vikilegea, mguu huchomoka ovyo. Vikibana kupita kiasi, mguu hugoma kutoka unapoanguka, na hapo goti au kifundo huumia. Mpira uliopasuka ubadilishwe.

Tatu, kamba. Tafuta isiyonyumbuka, maana kamba inayovutika hukurusha katikati ya mzunguko. Iliyoungwa kwa fundo iache, kwa sababu fundo hupunguza nguvu yake. Mshipi wa kuvutwa kwa mguu usiununue sasa. Huo unahitaji mtu mzoefu ndani ya boti, wa kuifyatua kamba mara mchezaji anapoanguka.

Mbao ziwe za mwisho, na hizi mtumba unafaa. Zigongegonge: sauti ikibadilika ghafla mahali pamoja, huenda tabaka zimeachana. Kagua kingo, tikisa skrubu. Ubao mmoja ukiwa mzito kuliko mwenzake, pengine umenyonya maji. Rangi iliyochubuka isikutishe, bali itumie kuombea punguzo.

Yapo na mambo yasiyo na bei. Ndani ya boti wawe watu wawili, mmoja wa kuendesha na wa pili wa kukutazama wewe. Mwendo usizidi sana kilomita 20 kwa saa mwanzoni. Jifunze kuteleza ubavu kabla ya kugeuka nusu, na nusu kabla ya mzunguko mzima.

Muuzaji atakuonyesha kwanza mbao zenye rangi za kung'aa, maana ndizo zinazovutia macho. Mwache amalize, kisha muulize jaketi ziko wapi. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na siku utakapoyafika, si rangi ya ubao itakayokurudisha juu.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.