Mama, Mtoto na Mjukuu: Somo la Mgomba kwa Viwanda vya Magari

Mkulima wa ndizi wa Rungwe anajua jambo ambalo wakurugenzi wengi wa viwanda vya magari walilijua wakiwa wamechelewa. Shina la mgomba likiachwa lijiotee litajaa machipukizi, na mkungu utakuwa mdogo. Kwa hiyo huyapunguza, akabakiza matatu: mama mwenye mkungu, mtoto atakayezaa baada yake, na mjukuu anayechungulia tu kutoka ardhini. Yanayozidi hapo anayang'oa, hata yakiwa na afya njema.

Je, kiwanda chenye chapa nyingi kikiyumba kifedha, kiachane na nyingine kibaki na ile yenye nguvu kuliko zote? Jibu langu ni ndiyo. Ila wengi wanaofanya hivyo humbakiza mama peke yake, na mama akishakatwa mkungu amekwisha.

Tuanze na hesabu. Kila chapa inataka wabunifu wake, mitambo yake, ghala la spea, wauzaji na matangazo. Chapa nane zikigawana fedha ya kubuni gari jipya, hakuna hata moja inayopata ya kutosha. Ndiyo maana General Motors ya Marekani, ilipoingia mahakamani kwa kufilisika Juni 2009, ilibaki nyumbani kwao na chapa nne tu: Chevrolet, Cadillac, Buick na GMC. Pontiac, Saturn, Hummer na Saab ziliachwa.

Mfano unaotugusa zaidi sisi wa huku milimani ni wa Waingereza. Mwaka 1968 makampuni mawili makubwa yaliungana yakawa British Leyland. Chini ya paa moja wakakaa Austin, Morris, MG, Triumph, Rover, Jaguar na Land Rover. Walikuwa ndugu waliokuwa wakinyang'anyana wateja: Rover 2000 na Triumph 2000 yalikuwa magari ya daraja moja, yakimwinda mnunuzi yule yule, na hasara zote mwisho zikaingia mfuko mmoja. Mwaka 1975 serikali ikalazimika kuichukua kampuni.

Kati ya wote hao, aliyekuwa na mkungu ni Land Rover. Gari hilo lilioneshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, na kufikia 1976 yalikuwa yametengenezwa milioni moja. Lilikuwa gari la mkuu wa wilaya, la misheni, la polisi na la bwana shamba. Kwenye wilaya kama hii yetu ya Rungwe, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali karibu mwaka mzima, na udongo wa volkano ukilowa unateleza kama sabuni, gari la namna hiyo halikuhitaji tangazo. Wateja wa nchi za nje walipanga foleni, na kiwanda chake cha Solihull, Uingereza, hakikuweza kuwatosheleza. Kisa ni kwamba faida ya Land Rover ilikwenda kuziba mashimo ya magari madogo yaliyokuwa yakishindwa sokoni, badala ya kurudi kupanua kiwanda na kubuni injini bora. Mama alikuwa akinyonywa na machipukizi ambayo hakuna aliyethubutu kuyang'oa, na mtoto wake mwenyewe hakupata chakula.

Mwaka 1978 tu, chini ya mwenyekiti wa British Leyland, Michael Edwardes, ndipo Land Rover ilipofanywa kampuni inayojitegemea ndani ya kundi. Toyota haikuwa imesubiri. Land Cruiser ilikuja na injini yenye nguvu, ikapatikana bila foleni ndefu, na spea zikaifuata. Mwaka 1984 ukaingia mfululizo wa 70, ule ambao mafundi wetu wanauita Land Cruiser mkonga ukiwa na bomba lake la hewa ubavuni. Angalia magari ya wagonjwa na ya polisi utakayokutana nayo wiki hii barabarani, uyahesabu ni ya nani.

Sisemi Land Rover lilikuwa gari baya. Watanzania bado wanalipenda, na tamasha la Arusha la Oktoba 2024, lililojaza mji kwa magari hayo, ni ushahidi. Ila anayelipenda gari kwa kumbukumbu hanunui jipya. Kilichobaki cha British Leyland kilipita mikononi mwa British Aerospace mwaka 1988, kisha BMW mwaka 1994. Mwaka 2000 Land Rover ikauzwa kwa Ford, na waliobaki, MG Rover, wakafa Aprili 2005, watu wapatao 6,000 wakakosa kazi. Mwenye nguvu aliokoka, lakini nyumbani kwa wengine: tangu 2008 ni mali ya Tata ya India.

Waliofanya vizuri ni Isuzu. Mwaka 1993 Wajapani hao waliacha kutengeneza magari madogo yao wenyewe, na karibu miaka kumi baadaye wakaachana na gari lao la Trooper pia. Wakabaki na malori, pikapu na injini za dizeli, na humo wakawekeza: lori dogo, lori la kati, pikapu ya D-Max, hadi kuinunua kampuni ya malori ya UD Trucks mwaka 2021. Jirani zetu Nairobi wameliona hilo kwa karibu. General Motors ilianzisha kampuni yake Kenya mwaka 1975, lakini malori na mabasi ya Isuzu ndiyo yaliyoibeba. Mwaka 2017 Wamarekani waliuza hisa zao, asilimia 57.7, kwa Isuzu. Chevrolet ikaondolewa, na jina la kampuni likawa Isuzu East Africa.

Kuna anayeumia katika kupunguza huku, naye ni mwenye gari la chapa iliyong'olewa. Bei yake likiuzwa tena inashuka na spea zinaadimika. Kiwanda chenye heshima kinapaswa kumhudumia kwa miaka mingi baada ya kufunga.

Halafu kuna kosa la kupima nguvu ya chapa kwa fahari ya jina. Huku kwetu watu husema "Fuso limekuja kupakia ndizi" hata lori likiwa la kampuni nyingine. Jina limegeuka kuwa jina la kitu chenyewe, na hilo halikuletwa na bango la barabarani. Limeletwa na fundi anayejua kulifungua na duka lenye spea zake. Chukua mzigo wa chai: majani mabichi yakilala kwenye magunia hupata joto na kuharibika. Lazima yafike kiwandani siku ile ile yalipochumwa. Lori likikwama na majani ndani, mkulima amepoteza kazi ya siku nzima, na hilo ndilo linaloamua chapa ipi ina nguvu.

Basi wewe unayetafuta lori la kubeba majani au mikungu msimu huu, kabla ya kuuliza bei, pita kwanza gereji tatu za Tukuyu. Uliza gia boksi ya gari hilo ikifa, spea itachukua siku ngapi kufika kutoka Mbeya. Ukiambiwa itaagizwa Dar es Salaam na hakuna anayejua siku, usilinunue.